Upondo wa Rufiji

Ukiutazama ulivyoegemezwa kwenye mwembe, huwezi kuijua thamani yake. Ni mti mmoja wa mkandaa, umekatwa ungali mwembamba, ukaambuliwa gamba, ukakaushwa kivulini usije ukapinda. Urefu wake unazidi mara mbili kimo cha anayeushika. Hauna msumari, hauna kamba, hauna rangi. Ncha ya chini imeachwa panda ndogo ili isizame yote topeni. Kwa mti huo mtu mmoja alitusukuma mimi, mama watoto, wanetu, gunia la mchele, sufuria, mikeka na jogoo aliyefungwa miguu, kutoka Utete mpaka kwenye mikoko ya delta, na hatukumwona akihangaika. Nauandikia ufundi huo sifa kwa sababu nimeukalia karibu, uso kwa uso, na kwa sababu naamini ni elimu iliyokamilika, yenye kanuni zake na mabingwa wake, ingawa hakuna chuo kinachoitolea cheti.

Anayekwenda Lindi au Mtwara kwa basi huuona mto Rufiji kwa dakika moja tu, akiwa juu ya daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Daraja lina urefu wa karibu kilomita nzima, na abiria akichungulia dirishani huona maji ya kahawia yaliyotandaa na mchanga mweupe katikati, akadhani kwamba mto mpana namna ile chombo hupita popote. Sivyo. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Maji hayo yote hushuka na mchanga. Yakishatoka kwenye korongo la Stiegler hukuta nchi imelala, nguvu zinapungua, na mchanga unatuliwa popote. Ndiyo maana ndani ya mto huo mpana mna njia moja nyembamba yenye kina, inayozunguka kutoka ukingo hadi ukingo, na kila masika huhama. Pengine huhama katikati ya wiki. Kazi ya mpiga pondo ni kuijua njia hiyo ilipo leo.

Nianze na mwili wake, maana watu wengi hudhani kazi hii ni ya mikono. Mzee aliyetusukuma alisimama tezini, miguu wazi kidogo, magoti yamelegea. Upondo aliutumbukiza wima, karibu kabisa na ubavu wa mtumbwi, akauacha ushuke wenyewe mpaka uguse chini. Hapo hakusukuma. Alingoja kidogo, muda mfupi kiasi kwamba usipoangalia huuoni, kisha akauegemea kwa uzito wa mwili wote, mikono ikipanda juu ya mti kiganja baada ya kiganja, hali miguu haijanyanyuka. Mtumbwi ukateleza mbele. Alipofika mwisho wa mti aliuzungusha robo duara kabla ya kuuvuta, ili tope liuachie, na ulipotoka aliuacha uburute nyuma majini. Katika kuburuta huko upondo ulikuwa usukani: akiulaza kushoto, omo inakwenda kushoto. Kusukuma, kuchomoa na kuelekeza vilikuwa tendo moja.

Kile kingojeo kifupi ndicho kilichonivutia zaidi. Nilimwuliza anangoja nini. Akaniambia anasikiliza mkono. Mchanga mgumu hurudisha mguso mkavu, unaopanda mpaka begani; mchanga uliotuliwa juzi unalegea, na ukiuegemea kwa nguvu mti unazama; tope hunyonya kimya; mzizi au gogo huteleza na huweza kumtupa mtu majini. Kila aina ya chini inataka egemeo lake. Kwa hiyo kabla ya kila msukumo upondo huuliza swali na kupata jibu, na kwa siku moja maswali hayo ni maelfu. Fundi asiyengoja huonekana hodari kwa muda mfupi. Kisha upondo wake unakwama, mtumbwi unaendelea, naye inambidi achague kati ya kuuachia mti na kuanguka nao.

Mtumbwi wenyewe hauna mkuku. Ni gogo lililochongwa kwa shoka na tezo, tumbo limetandaa, na kwa sababu hiyo hupita mahali maji yanapofika magotini tu. Lakini chombo kisicho na mkuku hugeuka kwa kila kitu: upepo, mtoto anayeinama kuchezea maji, kuku anayefurukuta. Mzee alitupanga kabla ya kuondoka. Wazito katikati na chini kabisa, juu ya matete yaliyotandikwa ili tusilowe. Watoto mbele ya mama yao, wamevaa jaketi za kuokolea. Mchele na sufuria karibu na omo. Aliutazama mtumbwi ulivyokaa, akamwambia binti yangu, "Sogea kidogo huku, mjukuu wangu." Akasogea upana wa kiganja. Mzee akaridhika. Mimi sikuona tofauti yoyote, lakini siku nzima mtumbwi ule ulikwenda sawasawa, haukulalia upande.

Baada ya hapo ni macho. Mwanangu mkubwa, ambaye kwa saa nzima ya kwanza alikuwa akiuliza tutafika lini, alichoka kuuliza hilo akauliza jambo la maana zaidi: "Babu, umejuaje kwamba njia ni huku?" Mzee hakumpa jibu la kumnyamazisha. Alimwonyesha kwa kidevu, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

"Tazama pale maji yalivyojikunjakunja, mfano wa kanga mpya iliyotolewa dukani. Pale mchanga uko karibu. Sasa tazama huku chini ya ukingo uliomeguka. Maji yamelala, yana weusi, yanakwenda bila kelele. Hiyo ndiyo njia."

Kuanzia hapo mtoto yule hakushika tena kitabu alichokuja nacho, na sikumlaumu, kwani masomo yalikuwa mbele yake. Alijifunza kwamba kwenye kona ya mto kina hukaa upande wa nje, unaokula ardhi, na upande wa ndani ndio unaojengwa mchanga. Alijifunza kuwa mkunjo wa maji wenye ncha inayoelekea yanakotoka maji unaashiria gogo lililofichika, na penye mikunjo miwili inayokutana kuelekea bahari mna mlango wa kupita. Alijifunza kutenganisha viwimbi vya upepo na viwimbi vya fungu: vya upepo hukimbia na kubadilika, vya fungu hukaa pale pale hata upepo ukilala. Ndege nao ni alama. Korongo akisimama katikati ya mto, urefu wa mguu wake ulio nje ya maji unatosha kukuambia usiende pale. Mchana jua likiwa utosini alama nyingi hupotea, kwa kuwa mng'ao hufunika kila kitu. Ndiyo maana tuliondoka alfajiri na kupumzika adhuhuri chini ya mivumo. Hata pumziko lilikuwa sehemu ya ufundi.

Kuna somo la viboko, nalo mama watoto alilifuata kwa makini kutupita sisi wote. Kiboko mchana hupenda vidimbwi vyenye kina cha kusimama, na akishtuka hukimbilia maji marefu. Mtumbwi ukiwa kati yake na maji hayo, umeziba njia ya mtu mzito mwenye hasira. Kwa hiyo mahali ambapo kina kilituita, mzee mara nyingine alikikataa, akatupitisha kwenye maji haba kando ya fungu, polepole, huku akigonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo: ko, ko, ko. Viboko wakainua vichwa, tukajua walipo, nao wakajua tulipo. Ule mlio wa upondo ni salamu na ni onyo. Nimesoma mengi kuhusu ujasiri wa wasafiri wa mito ya Afrika, na bunduki zao. Adabu ile ya kubisha hodi naiheshimu zaidi.

Na kwa habari ya adabu, mwendo wa upondo unalingana na maamkizi yetu. Hili sikulitarajia. Gari hukatiza salamu. Unapunga mkono, umekwisha pita. Mtumbwi huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka, na wakati mwingine chini ya hapo. Akina mama wanaofua ukingoni huanza kuuliza habari mkiwa bado mko juu yao kidogo: habari za safari, za nyumbani, za watoto, mmetoka wapi, mnakwenda kwa nani. Majibu yanatolewa yote, maswali yanarudishwa yote, na mnapoagana kwa kutakiana heri mtumbwi ndio kwanza unawapita. Watoto wangu wamekulia mjini, ambako shikamoo hutamkwa mlangoni na kumezwa. Mtoni waliitamka ikasikika ng'ambo, wakaitikiwa marahaba na watu ambao hawatawaona tena. Sioni mafunzo bora ya lugha kuliko hayo.

Kwa watu wa bondeni safari ya familia ndani ya mtumbwi si anasa. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yaliwafukuza wengi, na serikali ikawahamishia wakazi wa bondeni kwenye vijiji vya nchi ya juu. Wanahistoria huihesabu operesheni ile ya Rufiji miongoni mwa uhamishaji mkubwa wa kwanza wa zama za ujamaa. Nyumba zilihama. Udongo mzuri haukuhama. Rutuba ilibaki kule maji yanakofika, na kwa hiyo msimu wa mpunga familia zilivuka mto na vyombo vyao vyote, zikaishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na ndege. Tulilala karibu na dungu moja, baada ya kujitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji kama ilivyo desturi. Mwenye dungu alitukaribisha kwa kambare na wali wa mpunga wake mwenyewe. Mkewe alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa bibi yake ng'ambo, na jioni alichukua mtumbwi mdogo, akasimama tezini na upondo wake, akaenda kumnyonyesha. Hakuaga kwa maneno mengi. Alivuka maji yenye mamba kwa utulivu wa anayevuka ua wake, na alipita njia ile ile ambayo mzee wetu angeichagua. Nasema hivyo kwa wanaodhani ufundi huu ni wa wanaume wachache wa kivuko.

Njia za Rufiji zina historia ya kuwashinda wakubwa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Unguja tarehe 20 Septemba, ilijificha ndani ya delta. Manowari kubwa za Uingereza zilikaa nje baharini kwa miezi, hazina kina cha kuingilia. Ilibidi mwindaji Pieter Pretorius atumwe kwa siri kuipeleleza na kupima kina cha vijito, na meli mbili bapa, Severn na Mersey, ziletwe kutoka Malta. Ndizo zilizoimaliza Julai 1915. Mmoja wa mizinga yake umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Mimi katika kisa hicho naona jambo moja: vyombo vyote vile vya chuma vilisubiri taarifa ambayo kila mvuvi wa delta alikuwa nayo kila asubuhi, bure, mwisho wa upondo wake.

Taarifa hiyo lakini haihifadhiki. Hapa ndipo sifa yangu ilipolalia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji ya Rufiji ilihama kutoka vijito vya kusini mwa delta na kwenda vya kaskazini. Palipokuwa na chumvi pakalimika mpunga, na palipokuwa na maji matamu pakaanza kuonja bahari. Ramani zilizochorwa kabla ya hapo zikawa picha za kumbukumbu. Wapiga pondo hawakupotea. Hawakuwa wamekariri mahali. Walikuwa wamejifunza namna ya kuuliza. Mzee aliniambia kwamba baba yake hakumfundisha jina la fungu hata moja, kwa kuwa mafungu hufa, bali alimkalisha omoni na kumtaka aseme kina kabla ya upondo kushuka. Akikosea, kimya. Akipatia, kimya. Upondo ndio uliokuwa ukimsahihisha. Alikaa omoni hivyo utoto wake wote kabla ya kuruhusiwa kusimama tezini akiwa na abiria.

Leo elimu hiyo inakabiliwa na mto mwingine. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa hapo korongoni, kwa mitambo ya umeme yenye uwezo wa megawati 2,115. Nchi inahitaji umeme, nami ninayeandika haya usiku chini ya taa sina haki ya kujifanya nauchukia. Lakini bwawa hushika mchanga, na hupanga maji yateremke kwa hesabu ya mitambo zaidi ya hesabu ya mawingu. Mto usiopewa mchanga wake wa kawaida huanza kuuchimba ule uliokuwa nao chini. Kisha Aprili 2024 mvua zilizidi, na mafuriko yakafunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Alama walizozoea watu wa bondeni, kwamba maji ya rangi fulani huja baada ya mvua ya upande fulani, zinataka kusomwa upya. Natamani sana wahandisi wanaopima mto huo wawakalishe wapiga pondo mezani pamoja nao, kwani hakuna kifaa kinachogusa chini ya Rufiji mara nyingi kwa siku kama mti ule wa mkandaa.

Tulipopita chini ya daraja la Mkapa malori yalikuwa yakinguruma juu, watoto wakapunga, hakuna aliyetuona. Mbele ya hapo mto unagawanyika, na siku iliyofuata tukaanza kunusa chumvi. Mikoko ilianza kidogokidogo. Kwanza michache, kisha kuta mbili za kijani: mkoko wenyewe na mizizi yake iliyojipinda hewani, mkandaa, msinzi, mchu, mkomafi, na mlilana ambao mafundi huutafuta kwa mataruma ya majahazi. Kutoka misitu hii zilikatwa boriti zilizopelekwa Unguja, Omani na nchi za Ghuba kwa majahazi ya msimu, na upana wa vyumba vya nyumba nyingi za kale za mawe ulipangwa na urefu wa boriti. Nilimwambia binti yangu kwamba sebule za watu wa mbali zilipimwa hapa. Aliitazama mikoko kwa heshima zaidi.

Kwenye delta upondo unapata mwenzi mgumu, yaani bahari. Maji yakijaa, mkondo unageuka na kupanda bara, kina kinaukimbia mti, na mzee huulaza ndani ya mtumbwi na kuchukua kafi. Yakipwa, kijito kilichokuwa barabara kinakuwa tope lenye kaa. Siku hizo zilikuwa za bamvua, maji yakijaa mno na kupwa mno, na kila mwendo ulipangwa kwa mwezi. Mchana kusi ilivuma kutoka baharini dhidi yetu. Kuna alasiri ambayo tulikaa juu ya tope, mtumbwi umelala, tukingoja. Nilitaka kuomba tushuke tuusukume. Mama watoto akanishika mkono akaniambia nimtazame mzee: alikuwa amejilaza, kofia usoni, upondo umechomekwa wima topeni kando yake. Alikuwa amekata alama kwa kisu juu ya gamba la tope lililoshika mti. Alifungua jicho moja, akaona maji yameifikia alama, akainuka, akatuambia tukae sawa. Tulielea kabla hajamaliza kuuchomoa.

Tuliachana naye upande wa Nyamisati, mahali boti za injini zinapoondokea kwenda Mafia. Nilimlipa tulichopatana, na mama watoto akaongeza mchele uliobaki, naye akampa mwanangu kazi ya kuusuuza upondo na kuuanika. Boti tuliyopanda ilikuwa na injini mbili kubwa, na kijana aliyezishika alikuwa hodari, anajua kona zake. Hata hivyo hakuondoa boti mpaka mwenzake aliposimama omoni na mti mrefu mkononi. Tulitoka kwenye kijito kwa mwendo mdogo, yule wa mbele akichoma maji na kupaza sauti nyuma: kina kipo, kinapungua, shika kulia, kipo, kipo. Mwanangu alisogea mbele mpaka karibu na miguu yake, akaanza kusema kina kimoyomoyo kabla mti haujashuka, na nilijua kwa uso wake mara alipopatia na mara alipokosa.